Wasifu Wenye Doa

Bwana meneja wa Kinondoni, tunakuhurumia. Mezani una wasifu wa kijana wa Mbagala: miaka miwili haina maelezo, "uzoefu" ameandika "uzoevu", na mdhamini wake ni mjumbe wa nyumba kumi. Umwite kwenye usaili au usimwite? Swali zito hilo, linahitaji kikao, chai na sambusa.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji haikujichosha kuchambua namna hiyo. Iliwaita vijana zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa, hapo Temeke, wagombee nafasi 70. Mpita njia angedhani Simba inacheza na Yanga.

Wewe unataka karatasi safi. Haya, kumbuka Aprili 2017, uhakiki ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wote hao waliwahi kupita mbele ya meza ya mtu makini kama wewe. Muhuri ulikaa sawa, saini ilinyooka; kilichokosekana ni ukweli tu.

Kijana wako ameliacha pengo lake wazi, na angetaka angelijaza kwa kampuni ya mjomba ambaye hajazaliwa. Huenda alikuwa anaendesha bodaboda, huenda alimuuguza mama yake. Karatasi haitakujibu, yeye atakujibu.

Mwite. Ila jiandae, bwana meneja: anaweza kuomba kuuona na wasifu wako.