Jinsi ya Kumtetea Conrad Bila Kutoka Jasho

Ukiulizwa kama Heart of Darkness ya Joseph Conrad ni riwaya ya kibaguzi, njia nyepesi kuliko zote ni kumsukumia lawama Marlow. Sema ni mhusika tu anayesimulia, mwandishi hahusiki. Ukibanwa, msukumie msimulizi wa kwanza, yule asiye na jina aliyeketi ndani ya mashua Nellie katika mto Thames akimsikiliza Marlow. Wasimulizi wakiwa wawili, kila tusi linapata pa kujificha, na mwenye kalamu anatoka msafi kama pamba.

Tatizo ni Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria. Mwaka 1975, katika mhadhara wake pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, aliukabili utetezi huohuo: kama Conrad hakubaliani na Marlow, ni wapi kitabuni alipompa msomaji mtazamo mwingine wa kumpimia? Nimepatafuta, sijapaona.

Basi weka kando njia hiyo, uhesabu midomo. Waafrika wamejaa kitabuni, lakini ni mara mbili tu wanapotamka jambo la kueleweka: mmoja anataka wakabidhiwe watu wa ufukweni wawale, mwingine anatangaza kwamba Kurtz, wakala wa pembe anayefuatwa na Marlow, amekufa. Mshika usukani wa meli ya Marlow anachomwa mkuki, anaangukia miguuni pa Marlow, anakata roho bila neno, na Marlow anahangaika kuvua viatu vilivyojaa damu. Mwanamke Mwafrika wa kule kituoni kwa Kurtz anainua mikono juu, kimya. Mchumba wa Kurtz, huko Ulaya, anapewa mazungumzo marefu, tena anadanganywa ili asiumie.

Wala si kwamba Kongo, alikoitoa Conrad hadithi yake, hapakuwa na wasemaji. Mwaka 1890 Conrad alifika Stanley Falls, Kisangani ya leo, ambako watu wa Tippu Tip walikuwa wakizungumza Kiswahili. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, yakaanza kuchapishwa 1902, mwaka uleule hadithi ya Conrad ilipotoka katika kitabu.

Usimnyime Conrad haki yake. Ile minyororo shingoni, na wale vibarua wanaokufa chini ya miti, ni mashtaka ya kweli dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Aliuchukia ukatili, lakini waliotendewa hakuwapa nafasi ya kuusimulia. Damu ya Kongo ni lawama ya Leopold. Ukimya huo ni lawama ya Conrad, na Marlow asibebeshwe peke yake.