Yah: Ombi la Kufungiwa kwa Nyimbo za Wazee Wetu

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Sanaa la Taifa,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nitoe shukrani. Mimi ni mpenzi wa muziki wa miaka mingi, na kwa nyimbo za siku hizi sina mshauri mwingine zaidi yenu, ninyi na wenzenu wa serikalini. Mwaka 2016 mlipoufungia "Chura" wa Snura, nilikuwa sijawahi kuusikia. Jioni yake niliusikia mara nne kati ya Mwenge na Posta. Februari 2018 ilipotoka orodha ya nyimbo zisizofaa redioni, mpwa wangu aliihifadhi kwenye simu kama ratiba ya ligi, akawa anazitafuta moja moja na kuweka alama ya vema. Novemba mwaka huohuo mkatuletea "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Wasanii wengine wanalipa watu wawapigie debe. Ninyi mnapiga kwa barua moja yenye mhuri, bila kudai hata nauli.

Tena mna kasi. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", na wimbo ukafungiwa kwa kukosa maadili. Mara waziri akatutangazia kwamba Rais ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ikiwezekana waongezwe humo na wakwepa kodi. Ukafunguliwa. Mimi nilikuwa bado nautafuta. Mpaka leo namwuliza kila mjuzi ninayekutana naye: maadili ya wimbo ule yalirekebishwa lini, wakati hakuna neno hata moja lililobadilishwa?

Sasa niingie kwenye ombi.

Mpwa wangu ana miaka 19. Mwezi uliopita nilimkalisha sebuleni, nikatoa kanda yangu ya Marijani Rajab, nikaizungusha kwa kalamu ya Bic maana utepe ulikuwa umelegea, nikaweka "Georgina". Gitaa likaanza. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kijana alikuwa ananitazama kwa huruma.

"Mjomba, na huu ulifungiwa?"

Nikamwambia hapana. Akarudi kwenye simu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la Marijani. Jabali la Muziki, aliyetikisa na Safari Trippers, kisha Dar International, amefariki tangu mwaka 1995 na wimbo wake mtamu kuliko yote hauna hata barua moja ya kuukemea. Kijana wa leo ataujuaje?

Kwa hiyo naomba muufungie. Sababu mtazipata, ninyi si wachache wa sababu. Na mkishamaliza huo, mkapige hatua hadi Zanzibar kwa Siti binti Saad. Najua ng'ambo ile wana baraza lao, lakini shirikianeni. Mwaka 1928 bibi huyu alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na miongoni mwa nyimbo zake kuna "Kijiti", habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na waliopeleka kesi ndio wakaishia kufungwa. Kosa lake liko wazi: kuidhalilisha mahakama. Kwamba mahakama yenyewe ilikuwa ya Mwingereza, hilo lisiwazuie.

Kwa Remmy Ongala hamtapata shida, mmeshatanguliwa. Mzaliwa yule wa Kindu, Kongo, alipoimba "Mambo kwa Soksi" wakati UKIMWI unazika watu kila mtaa, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Soksi yenyewe ni kondomu, na masikio ya taifa yalionekana laini kuliko makaburi. Wimbo ukahamia kumbini, ukaingia kwenye kanda, ukafika kila mahali palipo na betri. Remmy ametutoka Desemba 2010. Ukipanda daladala la Sinza leo, kondakta anapiga kelele, "Kwa Remmy wapo?", na abiria wanashuka. Nimezunguka sana jiji hili, sijawahi kusikia kituo kinachoitwa Kwa Mchujaji.

Nikiri jambo moja, nisije nikaonekana mnafiki: baadhi ya nyimbo mlizofungia ni mbaya kweli. Nimezizima mwenyewe, kwa kidole hiki, na sikuhitaji kikao.

Wala si ninyi mlioanza. Mwaka 1969 Dar es Salaam ilipiga marufuku muziki wa soul, na vijana wa wakati ule ambao leo ni mababu, ukiwauliza muziki wa ujana wao, hawakutajii kwaya, wanakutajia James Brown. Baadaye bendi ikitaka kurekodi Radio Tanzania ilipeleka kwanza maneno ya wimbo yakasomwe na kamati. Kamati ile nayo naishukuru, maana nahisi ndiyo iliyowanoa watunzi wetu katika mafumbo. Mpaka leo mtu wa rika langu akisikia bendi ya Sikinde au ya Msondo ikimwimba mume aliyeahidi kanga asilete, hacheki upesi. Anajiuliza kwanza huyo mume ni nani, na ana ofisi wapi.

Mbaraka Mwinshehe nilitaka nimwache apumzike; ajali ya Mombasa iliyomwua Januari 1979 ilitosha. Lakini "Shida" wake uiteni tu. Wimbo unaoitwa "Shida", katika nchi iliyokwishatangaza kwamba mambo yanaenda vizuri, ni uchochezi wa wazi.

Nawaomba barua itoke Ijumaa, vijana wapate wikiendi nzima ya kutafuta. Majina ya nyimbo yaandikwe kwa usahihi, herufi kwa herufi, ili yasiwasumbue kwenye YouTube. Na kama bajeti ya Baraza hairuhusu kufungia zote kwa mkupuo, basi fungieni "Georgina" peke yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpenzi wa Muziki,
Sinza, kituo cha Kwa Remmy.

Nakala: Makondakta wote wa daladala, kwa utekelezaji.