Mwenye 98 Apata D

Sharti ndani ya fanksheni huiwezesha programu kuchagua: likitimia, rudisha hili; lisipotimia, rudisha lile. Katika lugha ya Python kazi hiyo hufanywa na if, elif na else, kisha return humkabidhi jibu aliyeita fanksheni. Ni maneno manne tu, lakini vituko vyake havina idadi.

Tuseme fanksheni inapanga madaraja ya mtihani wa kidato cha nne Tanzania: A huanzia alama 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Anayeanza hupenda kuanzia chini, akaandika kwanza kwamba alama >= 30 irudishe D. Kompyuta nayo husoma masharti kutoka juu, na ikishakutana na return huondoka zake, wala haina udadisi wa kuchungulia mstari unaofuata. Basi mwenye 31 anapata D, na mwenye 98, aliyekesha na vitabu mwaka mzima, naye D. Mistari ya C, B na A ipo, imeandikwa bila kosa hata moja la tahajia, ila hakuna atakayeifikia. Dawa ni kuanza na sharti gumu, 75, halafu kushuka.

Akisahau else, mwenye 12 hapati hata F. Python humrudishia None, yaani hakuna kitu, na pengine mzazi ataona hiyo ni nafuu. Akiweka print mahali pa return, madaraja yanapita kwenye skrini yakipendeza, kisha ripoti inatoka imejaa None tupu.

Hatari zaidi ni or, yaani "au". Programu inauliza kama ifute mafaili yote, na sharti limeandikwa: if jibu == "ndiyo" or "sawa". Python hupima kila upande wa or peke yake, na neno lolote lenye herufi huhesabiwa kuwa kweli. Mtumiaji akijibu "hapana", mafaili yanafutwa. Akijibu "thubutu", yanafutwa vilevile. Ilipaswa jibu == irudiwe upande wa pili pia.

Kuhusu alama ya =, moja huweka thamani, mbili huuliza kama vitu ni sawa. Python hukataa moja ndani ya if. Lugha ya C huikubali kimyakimya. Mwaka 2003 kuna aliyejaribu kupenyeza sharti la namna hiyo kwenye msimbo wa Linux: badala ya kuuliza kama mtumiaji ni msimamizi mkuu, lilimfanya awe. Lilinaswa kabla ya kusambazwa.