Wapima Viganja wa Indianapolis

Kila mwaka, kabla ya timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kugawana wachezaji wa vyuo, maskauti hukusanyika Indianapolis kuwakagua vijana waliobaki na bukta, kama wachuuzi wa ng'ombe mnadani. Wanapima urefu, uzito, mbio za yadi 40 na, msicheke, kiganja: kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kile cha mwisho. Fundi cherehani wa suti ya harusi hafiki huko.

Utaalamu huohuo ndio uliomkagua Tom Brady mwaka 2000. Alikimbia yadi zake kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni. Akachaguliwa wa 199, nyuma ya warusha mpira wengine sita, kisha akaenda kutwaa Super Bowl, taji la ligi hiyo, mara saba. Lakini saa yao haikukosea. Miguu kweli ilikuwa mizito.

Basi wakajifunza? Wapi! Mwaka 2022, mrusha mpira Brock Purdy wa chuo cha Iowa State, ambaye kazi yake waliitazama misimu minne, aliachwa hadi nafasi ya 262, ya mwisho kabisa. Mwenye nafasi hiyo hupewa jina, tuseme, Bwana Hana Maana, na huandaliwa sherehe California, maana dharau nayo ina kamati ya maandalizi. Miaka miwili haijatimia, Bwana Hana Maana akaanza kikosini katika fainali ya Super Bowl.

Waulize maskauti leo. Wote walimwona mapema. Bosi ndiye aliyekataa.