Mwongozo wa Kuyakatisha Maji Tamaa

Maji hayana haraka. Hayalali, hayachoki, wala hayamwogopi fundi mwenye sifa mtaa mzima. Yakikosa mlango hupita kwenye ufa ambao jicho halikuuona. Ukitaka yaiache nyumba yako, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Yaonyeshe njia ya kutokea. Kabla ya kununua dawa yoyote, lipe paa la zege mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Paa lisilo na mwinamo linayakaribisha kukaa, na yakishakaa yatatafuta pa kushukia. Utando wa lami wa kuzuia maji haurekebishi zege lililomwagwa vibaya.

2. Yawahi kwenye kona. Ukuta unapokutana na sakafu, na bomba linapopenya, ndipo maji hupenda kuanzia. Kona izungushie plasta ya mviringo, kisha pandisha utando ukutani sentimita 15 juu ya sakafu iliyokamilika. Mabomba yapite kabla ya utando kuwekwa. Anayekuja kutoboa baadaye anafanya kazi ya maji, hata kama unamlipa wewe.

3. Yape mtihani. Ziba bomba la kutolea, jaza maji kina cha sentimita 5, yaache saa 48, kisha shuka ukague dari. Fundi atasema, "Bosi, hapa hapavuji, niamini." Mwambie kwa heshima kwamba unamwamini, na maji yatakuwa shahidi wake. Ila mhandisi aidhinishe kwanza, maana penye kina hicho kila mita ya mraba itabeba kilo 50, sawa na mfuko mzima wa saruji. Vigae vingoje matokeo.

4. Usiyaletee msaidizi. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huitafuna nondo. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Ukipaka plasta juu ya pengo hilo, nondo itaendelea kuoza usiione.

5. Fundi arudi kwake salama. Baadhi ya rangi za kuzuia maji hutoa mvuke unaolevya na kushika moto. Ndani ya tangi la chini ya ardhi mvuke huo huua. Fungua mifuniko yote, ingiza hewa kwa feni, kataza sigara, na mtu mmoja abaki juu akishika kamba aliyofungwa aliye chini. Aliye chini akizimia, wa juu avute kamba na kuita msaada, asishuke. Waokoaji wengi wamefia kwenye matangi kwa kumfuata mwenzao.

6. Andika tarehe ya kuweka utando. Utando huzeeka. Huko Surfside, Florida, ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilieleza kwamba eneo la bwawa la kuogelea la jengo la Champlain Towers South halikupewa mwinamo, maji yalituama, na kizuia maji chake kilikuwa kimepitwa na wakati. Tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo hilo la ghorofa 12 iliporomoka, watu 98 wakafa. Jengo haliangushwi na sababu moja tu, lakini onyo lilikuwa limeshaandikwa. Kamati ya wakazi ikiletewa ripoti ya namna hiyo, ianze michango mwezi huo huo.