Springi Iliyochoka

Mwenye bastola ndogo hana budi kufahamu kwamba udogo ule uliompendeza dukani ndio hasimu wa springi yake, kwani springi fupi iliyosongwa katika nafasi finyu hufanya kazi nzito kuliko ile ya bastola kubwa, na aghalabu huchoka mapema. Mimi niliishuku yangu tangu uwanja wa shabaha, pale maganda ya risasi, ambayo zamani yakiniangukia karibu kwa unyonge kama maembe yaliyoiva, yalipoanza kurushwa mbali ubavuni. Badala ya kuikagua kwangu Mbinga, nikaahirisha hata nilipoteremka kilomita 66 kwenda Mbamba Bay kumjulia hali mama mkwe, nikaona hakuna barza tulivu kuliko yake.

Nilitandika gazeti, nikachomoa magazini, nikavuta kifuniko cha juu na kuichungulia chemba kwa jicho kisha kwa kidole, maana jicho la mtu wa umri wangu si shahidi wa kutosha. Risasi zote nikazitenga sandukuni, ndipo nikaifungua. Mtutu ulikuwa safi. Kucha ivutayo ganda haikumeguka, ila masizi yaliganda chini yake, nikayachokoa kwa njiti. Springi nayo, nilipoilaza kando ya mpya, ilikuwa imepungua urefu wa ukucha. Nami kwa sauti ya kadhi nikatamka kwamba imechoka, haina nguvu, haifai tena. Kisha nikaisonga baina ya vidole viwili, nithibitishe hukumu yangu.

Iliruka ukingo wa barza, ikawapita kuku kwa juu, ikatua katikati ya usipa wa mama mkwe ulioanikwa kichanjani, nao ni mwingi usio na idadi, mwembamba, wa rangi ya fedha, unaong'aa juani kama springi.

Nikaikumbuka Liuli, ya ufuko huu huu wa ziwa, iliyoitwa Sphinxhafen zama za Wajerumani, ambako Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa, Kapteni Rhoades wa Gwendolen ya Waingereza akaja kuipiga mzinga, ilhali nahodha wa Wissmann, Berndt, sahibu yake Rhoades, hana habari kwamba vita vimetangazwa. Ufuko huu, naona, hauna huruma na chombo kilichofunguliwa kwa matengenezo.

Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti nikipekua samaki mmoja mmoja.

"Baba, watafuta nini humo?"

"Springi, mama."

"Ya saa?"

Nikanyamaza. Akageuka, akaviona vyuma juu ya gazeti.

"Ya ile?" akauliza, akiashiria barzani kwa mdomo. "Na usipa wenye mafuta ya bunduki atanunua nani?"

Springi tuliipata alasiri. Usipa niliununua mimi, wote, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, wala sikuthubutu kuomba apunguze hata shilingi.