Riwaya Imebandikwa Getini

Kijana wa Landless, hapa Thika, huanza na riwaya. Ana miaka ishirini, daftari liko kwapani, na anajiona mrithi wa Ngũgĩ. Mpe muda. Akifika thelathini, riwaya imekuwa wimbo wa injili, kwa kuwa dakika nne humalizika upesi kuliko kurasa mia tatu. Arobaini ni MC wa ruracio (sherehe ya mahari), mwenye utani uleule wa mbuzi kila Jumamosi. Hamsini amejenga vyumba vya kupangisha, na hapo ndipo kipaji kinapokomaa.

Msome jirani yangu, kwa wino mwekundu, kwenye geti: “Kodi ni tarehe tano. Tano si sita. Maji ya kufulia nguo si ya kuoshea gari la mgeni.” Hakuna neno la ziada. Wasomaji wake husoma hadi nukta ya mwisho, wengine wakitetemeka. Mwandishi gani wa Nairobi ana bahati hiyo?

Elspeth Huxley, aliyekulia shambani huku Thika, alisafiri kwa njia nyingine. Mwaka 1935 alitoa wasifu wa Lord Delamere, 1937 akaingia hadithi za mauaji, na 1959, amekwisha kupita hamsini, ndipo akachapisha The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto. Sawa, wazazi wake walikuwa na shamba la kahawa, si chumba kimoja cha kulipia kila mwezi.

Jirani naye hajalala. Juzi kanionyesha rasimu mpya ya notisi. Ameongeza mhusika: dalali.